Mlima Haukuhesabiwa

Shemeji yangu Hilario akishinda jambo utajua kabla hajaingia ndani. Anabamiza mlango wa gari, anapiga mluzi uani, halafu anakuja jikoni moja kwa moja kufunua masufuria ya watu. Jioni ile aliporudi kutoka kwenye mkutano wa baraza la mji alifunua mawili kwa pamoja.

"Tumewagaragaza," akasema. "Duka halifunguliwi San Lucio. Wawili tu ndio waliolinyooshea mkono, na mmoja nadhani alikuwa anajikuna."

"Funika maharage yangu," nikamwambia.

"Shemeji, leo huniharibii siku."

"Siku yako siitaki. Wewe ndiye unaniharibia maharage."

Amparo, mdogo wangu, mke wake, alikuwa mezani anakanda unga wa tortilla. Alicheka mpaka akaegemea meza. Nalisema hili kwa sababu nyuma kidogo tu mwanamke huyu hakuweza kushika kisu, seuze kusikia mzaha na kuucheka kwa wakati wake. Tangu alipopasuliwa kichwa kutolewa uvimbe, kifafa kilimwingia kikafanya makazi. Alianguka bafuni, alianguka kanisani, alianguka sokoni juu ya pilipili za watu. Na kuanguka si kitu, mtu huinuka. Kilichokuwa kinatuua ni pale anapozinduka. Anazinduka hajui yuko wapi, hatujui sisi, anatushukuru kwa adabu kama wapita njia waliomsaidia kubeba mzigo. Dawa za hospitali zilimlaza mchana kutwa, na bado akaanguka humo humo usingizini.

Kilichomwinua ni mmea. Hilario alipewa kipandikizi na mzee mmoja wa huko mpakani aliyekuwa na binti mwenye maradhi kama hayo. Ni bangi, ndiyo, lakini bangi pole, hailewishi hata kuku. Ukiivuta utajutia kiberiti chako. Hilario aliipanda kwenye banda nyuma ya nyumba, akatia kufuli, akajifunza kuitokosa taratibu ndani ya mafuta, na Amparo akawa anameza matone asubuhi na jioni. Mwanzoni alianguka mara mojamoja. Baadaye hakuanguka kabisa. Akaanza kukumbuka majina ya watoto wa jirani, kisha akakumbuka na maovu yao.

Na mmea ule hauzaliwi kwa mbegu ukabaki vile vile. Unakata tawi, unalichomeka ardhini, unalibembeleza. Ukikosa tawi umekosa mmea, basi. Yule mzee wa mpakani alikwisha kufa, na binti yake pia. Kwa hiyo duniani, kwa tulivyojua sisi, mmea ule ulikuwa kwenye banda letu tu.

Sasa sheria ya kwetu Arizona ni hii. Mgonjwa mwenye kadi ya serikali anaruhusiwa kununua bangi ya dawa dukani. Asipokuwa na duka ndani ya maili ishirini na tano kutoka nyumbani kwake, anaruhusiwa kulima mwenyewe, mahali penye ukuta na kufuli. Lakini duka likifunguliwa karibu, kadi ikiisha muda ruhusa ya kulima inakufa nayo. Aliyeitunga sheria hiyo sijui alikuwa na mgonjwa nyumbani au alikuwa na duka.

Ndiyo maana kampuni ilipokuja kutaka kufungua duka mjini kwetu, pale palipokuwa na fundi viatu, Hilario alipandwa na mori. Baraza la mji ndilo linalosema duka likae wapi au lisikae kabisa, na Hilario akaenda kukaa mstari mmoja na watu wa kanisa la mchungaji wa Kibaptisti, watu wanaoamini bangi ni kinyesi cha shetani. Yeye anailima, wao wanailaani, wote wakapiga makofi kwa pamoja. Banda letu walilijua vizuri, harufu haina pazia. Lakini San Lucio ukitia kufuli yako na kunyamaza, watu hukuacha na Mungu wako.

Mimi nilikuwepo siku ile ya kura, ingawa nilitangulia nyumbani kuwahi maharage yangu kabla mikono haijanyooshwa. Yule kijana wa kampuni alisema watajenga chumba cha kulimia nyuma ya duka na watapokea miche ya wagonjwa wa hapa hapa. Hilario akacheka kwa sauti ili asikiwe. Akasimama Bi Pruitt, aliyeendesha basi la shule mpaka saratani ilipomshusha. Anaishi chumba kimoja juu ya duka la dobi, kitambaa kichwani, sigara hajawahi kuigusa maisha yake yote. Bangi inamtulizia kichefuchefu, na ilibidi aitafute mbali kwa kuomba lifti.

"Bwana Quijada una banda," akasema. "Mimi nilime wapi? Kwenye sinki?"

Watu wakacheka. Hilario akajiona amepata wa kumtania.

"Bi Pruitt, mji huu una mgodi, una kanisa na una makaburi. Umeshatosha. Anayetaka duka la bangi na apande mlima alifuate."

Wakashangilia. Kisha akaona amevuka mpaka, akamgeukia akasema, "Nitakuletea mimi ya kwangu, jirani." Akasahau kabla kikao hakijaisha. Bangi yetu isingemfaa hata hivyo, lakini mtu ukimwahidi mgonjwa mbele ya kadamnasi, mpelekee hata limau.

Kampuni haikulia. Ilivuka mlima wa Los Frailes ikafungua duka Harlan. Sisi tukacheka tena. Harlan ni mbali, barabara inauzunguka mlima wote kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha, na kona zake zimeshazika watu. Hilario aliendesha magari makubwa ya mgodi maisha yake yote ya kazi, akaona asiamini maneno ya watu. Alichukua gari lake, akaweka kipimo cha maili kwenye sifuri mlangoni petu, akaenda mpaka mlango wa duka, akarudi anapiga mluzi.

"Arobaini na moja," akasema. "Arobaini na moja, shemeji. Wafungue mengine kumi."

Hakuna aliyemwuliza swali. Wewe ungeuliza nini? Kwetu sisi umbali ni barabara. Babu zetu walipimia hivyo kwa punda, baba zetu kwa lori la madini. Mtu akikuuliza Harlan ni mbali gani unamwambia ni saa moja na kitu, zaidi mvua ikinyesha. Tulilala usingizi wa pono.

Kadi mpya ya Amparo ilikuja kabla ya Kwaresima. Zamani ilikuwa na mstari unaosema aliyeandikwa hapa anaruhusiwa kulima. Safari hii ulisema haruhusiwi. Hilario akasema wamekosea, ofisi za serikali ni za watoto wa shule. Akapiga simu, akaiweka sauti juu ili tusikie anavyowanyoosha.

Aliyepokea alikuwa msichana mwenye sauti nzuri. Hilario akamweleza habari ya arobaini na moja.

"Umepimaje, bwana?"

"Kwa gari langu. Mlango kwa mlango."

"Sisi hatupimi kwa barabara, bwana. Tunachora mstari ulionyooka kwenye ramani, kutoka dukani mpaka kwako."

"Na mlima?"

"Mlima hauhesabiwi."

Amparo aliacha kuosha vyombo.

"Binti yangu," Hilario akasema, "nina magurudumu manne. Sina mbawa. Kwenye huo mstari wako hapiti hata mbuzi."

"Naelewa, bwana."

"Ungeelewa ungeufuta."

"Siwezi kuufuta, bwana. Ni maili ishirini na tatu."

Akamwelekeza kwa upole namna ya kukata rufaa, akamwambia pia, kwa upole ule ule, kwamba hajawahi kuona rufaa ya namna hiyo ikishinda. Hilario alimshukuru. Nilimjua hana desturi ya kushukuru watu, nikaogopa.

Tungelikubali duka likae kwa fundi viatu, mmea ungekuwa na chumba chake hapa mjini na Amparo angekwenda kuufuata kwa miguu. Tulipigana kufa na kupona ili lisikae, tukalisukuma mpaka mahali ambapo ni mbali kwa kwenda na karibu kwa kunyang'anywa. Nililisema hilo siku ile ile, kwa sauti, nikiwa nimesimama jikoni. Amparo akasema, "Dada, basi," nami nikaona haya.

Hilario alikwenda Harlan na kipandikizi kimoja kwenye kopo, amekifunika kitambaa chenye maji. Mimi nilimsindikiza. Duka lilikuwa safi kama chumba cha daktari wa meno. Muuzaji, kijana wa ndevu nyingi, alituonyesha peremende, keki, marashi ya kupaka magoti, na maua yenye majina ya kihuni.

"Mke wangu hataki kulewa," Hilario akasema. "Anataka kukaa na akili yake."

"Ya namna hiyo hatuna, mzee. Haiulizwi. Watu wanataka usingizi, au wanataka kucheka."

"Basi chukueni hii. Bure. Ilimeni, mniuzie mafuta yake kwa bei mnayotaka nyie."

Kijana akalitazama kopo kwa huruma, sitamsingizia. Akasema bidhaa zao zote zinatoka kwenye banda kubwa la kampuni huko mjini, na banda hilo halipokei miche ya nje kwa kuogopa wadudu. Hapa Harlan hawana chumba cha kulimia. Walikusudia kuwa nacho mahali pengine, akasema, lakini pale walikataliwa.

"Pale wapi?" nikamwuliza, mdomo wangu huu.

"Sijui, mama. Kajimji fulani ng'ambo ya mlima."

Tulirudi kwa barabara ile ile. Kwenye kona ya tatu kopo lilipinduka miguuni pangu, nikaurudisha udongo kwa mkono.

Hilario akarudi barazani. Nilimwambia asiende. Nilimwambia tunyamaze, tufunge kufuli, tulime kama tulivyolima. Lakini yeye alishawahi kusimama kwenye ukumbi ule akapigiwa makofi, na mtu aliyepigiwa makofi mahali hudhani wale watu wanampenda. Akavaa suti ya mazishi. Akasimama akaeleza yote: banda, mmea, mafuta, kifafa cha mkewe, mstari wa ramani. Akaomba wawaite wale wa kampuni waje wajenge chumba chao hapa San Lucio. Alipomaliza alikuwa anatokwa na jasho mpaka kwenye kola.

Mwenyekiti wa baraza ni Stoddard, muuza matairi, mtu asiye na ubaya.

"Bwana Quijada," akasema, "nayakumbuka maneno yako vizuri, maana mimi mwenyewe nilikushangilia. Ulisema anayetaka duka na apande mlima."

"Nilisema."

"Sasa unataka tuuondoe mlima?"

Watu wakacheka, wale wale, kicheko kile kile. Stoddard alipoona uso wa Hilario akaacha utani. Akaeleza kwamba eneo letu lilitengewa leseni moja tu na leseni hiyo imeshakaa Harlan. Baraza hata likitaka, halina cha kugawa. Watu wa mchungaji walitazama viatu vyao.

Ndipo akasimama Bi Pruitt. Alikuwa amekonda mpaka nguo zinamning'inia, na alijishika kwenye kiti cha mbele yake.

"Mimi mlima nimeupanda, Bwana Quijada," akasema. "Kama ulivyoniagiza. Nimetapika kila kona. Ukitaka nitakutajia kona kwa majina yao."

Hilario akainamisha kichwa.

"Na limau lako bado nalingoja," Bi Pruitt akaongeza, na hapo hakuna aliyemwelewa ila mimi, kwa sababu baada ya ile ahadi iliyosahauliwa ni mimi niliyempelekea malimau nikasema yametoka kwa Hilario, na kumbe hakudanganyika. Kisha akamgeukia Stoddard. "Lakini mwacheni alime. Mkewe hajatukosea. Mji mzima tujifanye hatujui, kama tulivyofanya siku zote."

"Dorothea," Stoddard akasema, "asingesema, tusingejua. Amesimama hapa amesema, na imeandikwa, na mkuu wa polisi yuko pale mlangoni. Nifanyeje?"

Sote tukageuka. Mkuu wa polisi alikuwa ameegemea mlango na kofia mkononi. Alisoma darasa moja na Amparo. Akasema kadi ya zamani ikiisha muda itabidi aje kuliona banda likiwa tupu, na kwamba afadhali asikute kitu, kwa sababu akikuta, ni jela, na si jela ya hapa mjini. Alilisema kama mtu anayeomba radhi. Hilario alikwenda kutafuta huruma akaliuza banda kwa mdomo wake mwenyewe.

Usidhani tulikubali. Hilario alisema atalima. Alisema ataihamishia machimbo ya zamani, atachimba shimo, ataweka taa, yeye amekaa chini ya ardhi kuliko fuko. Alikuwa na miaka sitini na nane na mapafu ya mgodi. Mimi nilimuunga mkono, Mungu anisamehe, nilishaanza kutafuta taa.

Amparo alisikiliza yote hayo akimenya viazi. Siku ya pili Hilario alipokwenda kuangalia hayo machimbo, Amparo aliniomba nimpe ule mkasi mkubwa wa uani. Nilidhani anataka kukata waridi. Nilipomfuata bandani alikuwa ameshamaliza safu ya kwanza, na ule mmea mkubwa, uliotoa matawi yote mengine, ulikuwa chini umekatwa shingoni. Nikampokonya mkasi. Akanyoosha mkono nimrudishie.

"Wakimfunga, nani atakishika kichwa changu?" akasema. "Wewe mgongo huo?"

"Tutafanya njia."

"Chavela. Nisikilize nikiwa bado nakujua jina. Nikianguka na yeye yuko jela, nitazinduka nimuulizie, na mtaniambia yuko jela, nitalia. Nitaanguka tena, mtaniambia tena, nitalia tena. Kila mara itakuwa habari mpya. Unataka hivyo?"

Nikamrudishia mkasi. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamtazama mdogo wangu akikata uhai wake, kwa uangalifu, huku akiyapanga mashina kando kama kuni. Hilario aliporudi alisimama mlangoni mwa banda muda mrefu. Kisha akapiga magoti akaanza kupekua, akitafuta tawi lenye uhai. Yalikuwepo mawili matatu. Amparo akayachukua mikononi mwake, moja moja, akayavunja. Hilario hakupinga. Sijawahi kumwona mwanamume yule asipinge kitu.

Mkuu wa polisi alikuja akaliona banda tupu, akaketi akanywa kahawa. Akasifu usafi.

Mafuta yaliyobaki tuliyatokosa kutoka kwenye yale majani ya mwisho, tukayabana. Tone la jioni tukalipunguza, halafu la asubuhi. Nilidhani labda amepona. Hilario alidhani hivyo pia, nilimwona akimwangalia Amparo na kupiga hesabu ya matumaini. Chupa ilikauka majira ya joto, siku zikapita, akawa anapika na kunigombeza kuhusu chumvi. Tukathubutu hata kufurahi.

Alianguka Jumapili, tunakula. Hilario alikuwa naye kabla kichwa hakijafika sakafuni. Nilimweka ubavu, nikaondoa sahani, tukangoja, ikaja ya pili juu ya ya kwanza. Ilipokwisha alilala pale pale kwenye mapaja ya mumewe, na alipofumbua macho alitutazama sote wawili, akaliweka sawa gauni lake.

"Samahani kwa usumbufu," akasema. "Mmenitendea wema sana."

"Ni mimi, mpenzi," Hilario akasema. "Hilario."

"Asante, bwana Hilario." Akatazama dirishani. "Jua linazama. Nyumbani watakuwa wananitafuta. Unaweza kunisindikiza?"

Nilitaka kumwambia uko nyumbani, Amparo, hii ni meza yako, chumvi ni yako. Hilario alinizuia kwa mkono. Akamwinua, akamvika sweta, akamshika kiwiko. Akamtoa kwa mlango wa nyuma, wakapita uani, wakapita kando ya banda tupu, wakazunguka nyumba polepole, na nilimsikia shemeji yangu akimsimulia habari za hali ya hewa kama mtu aliyekutana na bibi wa heshima njiani. Nilikwenda kuwafungulia mlango wa mbele. Nilijitahidi uso wangu uwe wa furaha.

"Haya, tumefika," Hilario akasema.

Amparo akasimama kizingitini. Akaitazama meza, akaitazama picha ya arusi yao ukutani, akanitazama mimi. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumvunja moyo mwenziwe aliyejitahidi.

"Hapana, bwana. Si hapa."

"Basi ni mbele kidogo," Hilario akasema, akamgeuza, wakashuka ngazi wakazunguka tena.